Ukurasa wa Shukrani

Kwa zaidi ya miaka arobaini Olow Dahir aliwaambia watu wa Bulla Iftin, mjini Garissa, kwamba jina lake limo kitabuni. Kitabu chenyewe kilikuwa riwaya, *Mvua Ilipita Kando*, ambayo ilisomeshwa shuleni miaka nenda miaka rudi. Ni hadithi ya mchunga ngamia anayemzika kaka yake njiani wakati wa kiangazi, kisha anaendelea na safari siku hiyo hiyo kwa sababu mifugo haiwezi kusubiri. Aliyeiandika ni Mwalimu Muriuki, mtu wa Meru aliyepangiwa kazi Griftu, huko kaskazini, akiwa kijana. Olow alisema aliyemsimulia Muriuki hadithi ile ni yeye, kwamba yule aliyezikwa ni Mursal, kaka yake wa tumbo moja, na kwamba Muriuki aliwashukuru wote wawili kwa majina mwanzoni mwa kitabu.

Shida ni kwamba kitabu kilikuwa kikiuzwa madukani, na ukurasa huo haukuwamo.

Watu wakampa jina la Olow Kitabu. Hawakulisema kwa chuki. Alikuwa bawabu mstaafu, mtu wa swala tano, hana ugomvi na jirani, na kila mtaa una mtu mwenye jambo lake moja asiloliacha. Aliyeumia zaidi alikuwa Hamdi, binti yake. Riwaya ile ilipofundishwa darasani kwao kidato cha pili, Hamdi alinyoosha mkono akasema baba yake ametajwa humo. Mwalimu wao alikuwa mpole. Alipekua kurasa za mwanzo mbele ya darasa, moja baada ya nyingine, bila haraka, kisha akauliza, "Wapi, Hamdi?" Darasa zima likaangua kicheko.

Jioni alimwambia baba yake asimtaje tena huyo Muriuki mbele yake. Olow, ambaye wakati huo macho yake yalikuwa bado mazima, alimtazama kitambo.

"Sawa, aabo," alisema. Ndivyo baba wa Kisomali anavyomwita mtoto wake, kwa neno lile lile ambalo mtoto humwitia yeye. Tangu siku hiyo hakulitaja tena jambo hilo nyumbani. Nje, kwenye benchi la duka, aliendelea.

Miaka ishirini na kitu ikapita. Hamdi akawa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari hapo hapo Garissa. Mama yake alifariki. Baba akapofuka kwa presha ya macho, kisha figo zikaanza kumsumbua, na Hamdi akamhamishia nyumbani kwake. Mchana alikaa kivulini na redio ndogo sikioni.

Mwezi wa tisa shule iliamua kusafisha stoo ya vitabu. Hamdi ndiye aliyekuwa na ufunguo wa maktaba, kwa hiyo ndiye aliyempokea Vincent, mtu wa makamo kutoka Nairobi aliyekuwa akizunguka mashuleni kununua vitabu vya zamani. Hamdi alidhani anavitaka kwa kilo, kama wanunuzi wa karatasi. Lakini Vincent alikaa chini sakafuni, akawa anachukua kitabu kimoja kimoja, anafungua nyuma ya ukurasa wa jina, anatazama kidogo, anakirudisha. Alifanya hivyo saa nzima.

"Unatafuta nini humo?" Hamdi alimuuliza.

"Toleo la kwanza, mwalimu. Kuna watu wanakusanya riwaya za zamani, na hawataki ila ile iliyotoka mashineni mara ya kwanza. Zilizofuata kwao ni karatasi tu."

"Na utaijuaje? Zote si zinaandikwa mwaka ule ule?"

Vincent akatabasamu, kama mtu aliyeulizwa swali analolipenda. Alitwaa nakala ya *Mvua Ilipita Kando* kutoka kwenye rundo, akamwonyesha. "Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Tazama. Kilichapishwa kwanza 1979. Mtu akiona hivyo anafikiri amepata. Lakini soma chini yake: kikachapishwa tena 1981, 1983, 1986. Hii ni ya 1986. Na kuna chapa moja ya bei rahisi iliyoondoa orodha yote ikabakisha 1979 peke yake. Hiyo imewaponza wengi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hutazami kitu kimoja. Ile ya kwanza kabisa ina anwani ya zamani ya wachapishaji, kabla hawajahama. Nyuma ya jalada bei imepigwa chapa, shilingi kumi na mbili na senti hamsini. Ukurasa wa arobaini na moja wamekosea, wameandika 'ngamina' badala ya ngamia. Wakarekebisha baadaye. Tena ina karatasi moja zaidi mwanzoni. Shukrani za mwandishi. Walipopanga upya herufi mwaka wa themanini na moja, wakaiacha ili kupunguza gharama."

Hamdi alikuwa ameshika rafu kwa mkono mmoja. Aliuliza, "Shukrani kwa nani?"

"Hilo sijui. Sijawahi kuishika. Nimesoma maelezo yake kwenye orodha ya mtu mmoja aliyekuwa nayo, naye alishauza. Ukiipata, mwalimu, nipigie simu."

Usiku ule Hamdi hakumwambia baba yake. Alimpa dawa, akamfunika shuka, akamwangalia mpaka akalala. Kesho yake alimuuliza kama kwa bahati tu, wakati akimmiminia chai, jinsi alivyouona ukurasa ule mara ya kwanza.

Olow alizima redio kwanza, kwa sababu alikuwa ameshazoea kutoulizwa.

"Sikuuona," alisema. "Nilisomewa. Wakati huo nilijua Qurani tu, herufi za kizungu sizijui. Muriuki alikuwa ameshahamishwa, akarudi Griftu siku ya soko na vitabu viwili. Kimoja akampa Mwalimu Abdimalik, kingine mimi. Akasimama pale penye mbuzi akanisomea mbele ya watu. 'Namshukuru Olow Dahir, na marehemu kaka yake, Mursal Dahir.' Akasoma mara mbili, kwa sababu nilimwomba arudie."

"Na kitabu chako?"

"Nilikiweka kwa mama. Mchwa." Alitikisa mkono kidogo. "Nilipopata kazi huku nikaingia darasa la ngumbaru, nijifunze kusoma. Wenzangu walitaka kusoma barua na kupata vyeo. Mimi nilitaka ukurasa ule. Nilipojua kusoma nikanunua kitabu kipya, nikakuta hamna."

"Kwa nini hukuniambia hivyo?"

"Ulikuwa mtoto. Uliniambia ninyamaze." Hakulisema kwa lawama. "Hamdi, mimi si mtu wa kutaka sifa. Mursal alikufa kwa kiu na homa, njia ya Habaswein, akiwa na miaka kumi na tisa. Nilimzika peke yangu. Hakuna aliyeona. Nilimpa Muriuki kifo cha kaka yangu akakiweka kitabuni kwa jina lingine, na watoto wa nchi nzima wakakisoma wakafanyia mtihani. Nilitaka mahali pamoja tu iandikwe kwamba alikuwa mtu."

Hamdi alianza kutafuta. Aliandika kwenye kundi la simu la walimu wa kaskazini mashariki, akaeleza alama alizofundishwa na Vincent. Mwalimu mwenzake, Kathure, alimletea nakala ya mjomba wake kutoka Meru, imefungwa kwa gazeti. Ndani palikuwa na 1979 peke yake. Hamdi akakaa chini. Alifungua ukurasa wa arobaini na moja: ngamia. Aligeuza jalada: hakuna bei. Ilikuwa ile chapa ya bei rahisi, na shukrani hazimo. Alimrudishia Kathure akamwambia ahsante.

Mwezi wa kumi na moja mtu mmoja aliandika kwenye kundi kwamba mjane wa Mwalimu Abdimalik yuko hai, anakaa Habaswein, na hajawahi kutupa hata barua moja ya mumewe. Shule zilipofungwa, Hamdi alimwacha baba yake na jirani, akapanda basi la alfajiri. Alishuka Habaswein mchana, jua likiwa juu ya mabati, akauliza nyumba ya Fatumo wa Abdimalik. Akaelekezwa nyuma ya soko la mifugo.

Fatumo alikuwa mwanamke mrefu aliyeinama, mwenye hina iliyofifia vidoleni. Aliposikia jina la Olow alimshika Hamdi kidevu, akamgeuza uso kwenye mwanga.

"Ndiyo," alisema. "Pua yake hiyo. Baba yako alikuwa akija jikoni kwangu Griftu, jioni, akishafunga ngamia. Anasimulia kwa Kisomali, mume wangu anafasiri, Muriuki anaandika. Mwezi mzima. Mimi napika chai na kusikiliza. Mengine nilitoka nje nikalie."

"Kwa hiyo ni kweli, eddo," Hamdi alisema, akimwita shangazi kwa Kisomali.

"Nani alisema si kweli?"

Hamdi aliomba kuona vitabu vya marehemu, na Fatumo akamwonyesha sanduku lake.

Sanduku lilikuwa la bati, limejaa vyeti, barua na vitabu vya hesabu. Riwaya ilikuwa chini kabisa, ndani ya mfuko wa plastiki. Jalada lilikuwa na mchoro wa ngamia watatu ambao Hamdi hakuwahi kuuona. Alitazama nyuma: shilingi kumi na mbili na senti hamsini. Alifungua ukurasa wa arobaini na moja, akapitisha kidole mstari kwa mstari mpaka akalifikia neno. *Ngamina.* Anwani ilikuwa ile ya zamani. Ndipo akafungua mwanzo.

Ukurasa ulikuwapo. Aliusoma akiwa amesimama, kisha akakaa juu ya sanduku akausoma tena. Mwandishi alimshukuru mke wake. Aliwashukuru wahariri, na mkuu wake wa shule, na rafiki yake Mwalimu Abdimalik kwa ufasiri. Mwisho aliandika: *Namshukuru pia kijana mmoja mchunga ngamia wa Griftu, ambaye masimulizi yake yalinisaidia kuelewa maisha ya wafugaji.* Basi. Hapakuwa na Olow. Hapakuwa na Mursal.

"Umepata?" Fatumo aliuliza. Yeye hakujua kusoma.

"Jina halimo, eddo. Ameandika kijana mmoja."

Fatumo alivuta mtandio wake begani. "Abdimalik alimgombeza kwa jambo fulani, siku ile ya soko, Olow alipokwisha kwenda," alisema. "Nilisikia sauti zao nje. Muriuki anasema, na Kiswahili hicho nilikielewa, nikiandika jina watasema hadithi si yangu. Mume wangu hakunieleza, na hawakuandikiana tena. Sikujua ni jambo hili."

Hakukubali Hamdi akiache kitabu. "Mpelekee. Mwambie Fatumo anamsalimu. Utakirudisha ukiweza."

Njiani kurudi Hamdi aliamua kusema uwongo. Hakuona njia nyingine. Alijizoeza kimoyomoyo kutoka Modogashe hadi Garissa, jinsi atakavyoisoma sentensi ile na majina yote mawili ndani yake, bila sauti kukwama. Mtu alikuwa kipofu, mgonjwa, amebakiza miezi. Muriuki aliyemdhulumu alikuwa ameshakufa. Nani angeumia?

Alimkuta baba yake ameoga, amevaa kikoi safi. Jirani alikuwa amempasha habari kwamba Hamdi amepiga simu, amepata kitabu. Hamdi alimpa salamu za Fatumo, na Olow akacheka kidogo, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi siku hizo. "Chai yake ilikuwa na tangawizi kupita kiasi," alisema. "Haya. Nisomee."

Hamdi alisoma. Alisoma mke, wahariri, mkuu wa shule, Abdimalik. Kisha akasoma, "Namshukuru pia Olow Dahir, mchunga ngamia wa Griftu, na marehemu kaka yake, Mursal Dahir." Sauti haikukwama.

Olow aliinua uso. Machozi yalimtoka bila kelele, akayaacha yateremke. "Rudia," alisema.

Akarudia.

"Sasa shika kidole changu," alisema, akanyoosha mkono wa kulia. "Niwekee juu ya Mursal. Nataka nishike alipo."

Hamdi aliushika ule mkono. Ulikuwa mwepesi na wenye joto, kidole cha shahada kimenyooshwa. Aliuleta juu ya karatasi. Sentensi ilikuwa pale chini, na angeweza kukiweka kidole popote, juu ya *kijana*, juu ya *wafugaji*, baba asingejua. Lakini mkono wake mwenyewe haukushuka. Aliona kwamba akikishusha kidole kile atakuwa amefanya alichofanya Muriuki pale penye mbuzi, na baba yake atakufa akiwa amedanganywa mara mbili kwa sentensi moja. Mikono yao miwili ilibaki hewani.

Olow alisubiri. Kisha akausikia ule muda ulivyorefuka.

"Hamna," alisema.

"Hamna, aabo."

"Mursal?"

"Wote wawili."

Aliurudisha mkono wake polepole akauweka pajani. "Kuna nini? Soma kilichopo."

Hamdi alisoma kilichopo. Alipofika mwisho baba yake alitikisa kichwa kidogo, kama anayesikia bei ya ng'ombe isiyomfaa na hataki kubishana.

"Basi alinisomea kwa mdomo wake," alisema. "Na mimi nikamwomba arudie." Baadaye kidogo akaongeza, "Kifunge. Kitaharibika na vumbi."

"Nisamehe, aabo."

"Kwa lipi? Umeniambia."

Lakini sauti yake ilikuwa imebadilika, na Hamdi alijua. Tangu siku hiyo Olow hakulizungumzia tena. Ijumaa moja alipoongozwa hadi kwenye benchi la duka, mtu mmoja alimuuliza kwa mzaha kama ukurasa umepatikana. Hamdi alikuwa karibu, akimnunulia betri za redio. Alimsikia baba yake akijibu kwa upole, "Haukuwamo. Nilikosea." Wanaume hawakuwa wamezoea kumwona akikubali, na hakuna aliyecheka. Hamdi alitaka kuwageukia awaambie kwamba hadithi ni yake, kwamba shahidi yupo Habaswein, kwamba yeye binti ndiye aliyechelewa miaka ishirini. Baba yake alimshika mkono akamwambia twende nyumbani, jua kali.

Olow alifariki wiki mbili kabla ya Ramadhani. Waliomzika walikuwa wengi. Kaburini mtu mmoja aliuliza jina lake kamili, kwa sababu alimjua kwa lile la Kitabu tu.

Vincent alipiga simu mwezi uliofuata. Alikuwa amesikia kutoka kwenye lile kundi la walimu. Aliuliza hali ya jalada, kama kuna kurasa zilizochanika, kama mtu ameandika humo kwa kalamu. Hamdi alimjibu swali moja baada ya jingine mpaka akamaliza, kisha akamwambia kitabu si chake na hakiuzwi. Vincent alijaribu kidogo tena, kwa adabu, kisha akamtakia Ramadhani njema.

Siku za Idi zilipopita Hamdi alipanda tena basi la Habaswein, kitabu kikiwa ndani ya ule mfuko wa plastiki. Fatumo alimpa pole, akatandika mkeka, akaleta chai. Alikipokea kitabu kwa mikono miwili, akakipapasa, kisha akamrudishia.

"Nimekaa nacho tangu ujana wangu na sijui ndani wamesema nini," alisema. "Nisomee pale wanapomzika."

Hamdi alitafuta sura ya sita, akawa anasoma na kufasiri kwa Kisomali. Alisoma jinsi mchungaji alivyoamka akamkuta kaka yake ameshapoa. Alisoma jinsi alivyochukua jembe kutoka kwenye mzigo wa ngamia akachimba penye mchanga laini, na jinsi alivyosimama baadaye akatoa hotuba ndefu kwa mbingu.

"Hapana," Fatumo alisema.

Hamdi aliinua macho.

"Muriuki amebadilisha hapo. Hawakuwa na jembe. Olow alichimba kwa bakuli la maziwa, la mti, mpaka likapasuka, akamalizia kwa mikono. Na hakusema neno lolote. Alituambia koo lake lilikuwa limekauka hata kumswalia kaka yake kwa sauti hakuweza, akamswalia moyoni. Akavua shuka lake akamfunika, akaenda mpaka Habaswein bila nguo ya juu, na jua lile."

Hamdi alikifunga kitabu, akakiweka pembeni ya mkeka. "Alisema nini tena, eddo?"

Fatumo alifikiri. Chai yake ilipoa mbele yake. Kisha akaanza tokea mwanzo, siku ndugu wale wawili walipoondoka Griftu na ngamia saba. Hamdi alimsikiliza bila kumkatiza mpaka adhana ya alasiri ilipowainua.